Gari Lililofundishwa Uongo

Tairi likibanduliwa kwenye rimu hutoa pumzi ya mwisho, na hakuna harufu duniani ambayo Lorna Petschel anaichukia kama hiyo. Si kwamba pua yake ni ya kudeka. Usichana wake aliumaliza katika kiwanda cha kumenya kamba wa baharini, akirudi nyumbani na shombo iliyowafanya paka wa jirani wamsindikize mpaka mlangoni. Lakini kamba hunuka uozo wa kawaida, uozo wa kitu kilichowahi kuishi. Tairi hunuka mpira uliochemka, maji ya chumvi yaliyolala, na siku hizi ule ute wa kijani ambao watu hupuliza ndani kwa kopo ili wazibe pancha bila kumwona fundi. Ute huo ukikaa miezi michache kwenye joto la Queensland, Australia, Lorna huukwangua kwa mwiko huku amegeuza uso, kisha hutema mate sakafuni, ingawa sakafu ni yake mwenyewe.

Kinachomchefua zaidi ni kwamba ndani ya ute huo, kwenye shina la valvu, mara nyingi kimekaa kisanduku kidogo chenye ukubwa wa jino la farasi. Hiyo ndiyo sensa. Kazi yake ni moja tu, kupima upepo wa tairi na kulipasha gari habari kwa mawimbi ya redio, ili taa iwake kwenye dashibodi kabla mtu hajaumbuka barabarani. Ina betri yake na kitundu chake cha kupimia. Watu hukiziba kitundu kwa ute, halafu huja wamenuna.

"Taa imewaka wala haizimi," humwambia. "Gari lenyewe jipya."

"Umelijaza kamasi puani," Lorna huwajibu, "halafu unataka linuse."

Karakana yake ipo Cobbold Heads, pale lami inapoishia na ufuko unapoanza kuwa barabara. Hapo kila dereva husimama, hupiga goti kando ya magurudumu na kupunguza upepo karibu nusu, maana tairi lililojaa huzama mchangani kama kisigino cha bibi harusi. Tairi laini hutandaa, likapita. Wakirudi kutoka ufukoni, hupanga foleni kwenye mipira ya upepo iliyo ukutani kwa Lorna na kujaza tena kabla ya kushika barabara kuu. Ndivyo ilivyo, na mtoto wa hapo hujua hivyo kabla hajajua kusoma.

Mwezi wa Januari, shule zikiwa zimefungwa, foleni hiyo hufika mpaka kwenye duka la chambo. Watu husubiri na injini zinanguruma, wanakunywa bia, wanatupa nepi za watoto nyuma ya pipa badala ya ndani yake. Wavuvi huacha ndoo za dagaa kwenye jua kali mpaka dagaa wanageuka supu. Jioni Lorna humwaga dawa ya kuua harufu na kusugua zege, akiwahesabia waliopita matusi yao mmoja mmoja kimoyomoyo. Wapo pia wanaoiona foleni, wakasonya, wakaondoka na matairi yale yale laini. "Nitajaza huko mbele," husema. Huko mbele hakuna kitu ila mikaratusi na malori.

Kazi hii alifundishwa na mzee Karmenu Spiteri, Mmalta aliyeacha kukata miwa mgongo ulipomgomea. Lorna alikuwa ameachana na kiwanda cha kamba, ameachana na mume, na mikono yake ilikuwa imejaa makovu ya magamba. Mzee aliitazama mikono hiyo, akasema inafaa. Alikuwa hana maneno mengi na alikuwa hanawi vizuri, lakini alimwonyesha jinsi ya kupitisha kidole ndani ya tairi na kusikia kile ambacho jicho haliwezi kuona. Alipokufa, wanawe waliokuwa mjini hawakutaka hata kuja kupaangalia mahali hapo. Walimwachia Lorna karakana kwa kodi ndogo, pamoja na harufu yake yote.

Gavan Trudgett alikuja baadaye. Alikuwa anaendesha basi dogo la watalii, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, akiwachukua wazee kutoka miji ya bara na kuwapeleka ufukoni kutazama tai wa baharini na mabaki ya meli iliyokwama zamani. Ana sauti nzito na vicheko vya karibu karibu. Huwashika bibi wazee mkono wanaposhuka na kuwaita wasichana. Lorna naye aliitwa msichana mara moja, akacheka, na Gavan akahamishia viatu vyake kwenye nyumba ya nyuma ya karakana.

Asubuhi moja ya Januari, Gavan alikuwa ameacha tairi lake la nyuma la kulia karakanani, akaondoka na lile la akiba. "Limekufa tu lenyewe," alisema kwa kujiamini, pai ya nyama mkononi. "Siku hizi wanatengeneza matairi ya karatasi."

Lorna alilibandua saa ambayo foleni haijaanza. Harufu ilimpiga, naye akarudi nyuma hatua moja. Haikuwa ya ute wala ya chumvi, ilikuwa ya kuungua. Alipoliinamisha, unga mweusi ulimwagika sakafuni, chembe chembe, kama machicha ya kahawa. Akapitisha kidole ndani ya ubavu wa tairi. Mpira ulikuwa umesagika mduara mzima, mpaka nyuzi zilikuwa zinachungulia kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Tairi haliwi hivyo kwa siku moja. Huwa hivyo likitembezwa laini kwa mwendo mkali, ubavu ukajikunja na kujikunjua, ukapata moto na kujitafuna wenyewe kwa ndani wakati nje linang'aa kama kiatu cha harusi.

Aliuzoa unga ule kwa kipande cha kadibodi. Alikumbuka kwamba hili lilikuwa tairi la tatu la Gavan msimu huu, na kila mara alikuwa ameambiwa kwamba ni baya tangu kiwandani, naye alikuwa amelitupa nyuma bila kulipindua.

Alasiri basi lilirudi kutoka ufukoni, limebeba klabu ya bibi wanaocheza mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, wote wamevaa kofia nyeupe na wameiva jua. Walishuka kununua aiskrimu. Gavan aliitazama foleni ya upepo, akatazama saa, akaliegesha basi kando na kuanza kuwahimiza.

"Wasichana, dakika chache tu, tuna chakula cha jioni kinatungoja."

Lorna alitoka akijifuta mikono. Hakuhitaji kipimo. Matairi yalikuwa yamekaa chini yamevimba matumbo.

"Hujazi upepo?"

"Foleni ile yote, mpenzi? Nitajaza mbele."

"Mbele wapi?"

"Kuna kituo."

"Kile kituo kimefungwa tangu mafuriko, Gavan. Unapita hapo kila wiki."

Alicheka. Bibi mmoja alikuwa amebaki amekaa kiti cha mbele, mwembamba, anakula aiskrimu yake kwa kijiko kwa sababu ya meno. Jina lake Una Hegarty. Alikuwa anasikiliza bila kujificha.

"Hata hivyo gari lenyewe linasema sawa," Gavan alisema, akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Ona. Hakuna taa. Gari la kisasa hili, matairi yakiwa mabaya linasema."

"Mchangani halikusema? Ulikuwa umepunguza upepo."

"Lilisema. Linasema kila mara, linalia kama mama mkwe. Nikishashuka mchangani nabonyeza hapa, linanyamaza."

Alimwonyesha kitufe chini ya usukani. Kilikuwa kimefifia maandishi kwa kubonyezwa, na juu yake sosi ya nyanya ya pai za siku nyingi ilikuwa imekauka, ikashika nywele na mchanga. Lorna alikitazama. Kidole kile kilichokuwa kinabonyeza hapo ndicho kilichokuwa kinamkatia mkate kila asubuhi.

"Unabonyeza matairi yakiwa laini," alisema polepole.

"Ndipo linapolia, sasa nibonyeze lini?"

"Msimu mzima?"

"Lorna, watu wanangoja."

"Kwani kile kitufe ni cha nini, mwanangu?" Una aliuliza, kijiko mdomoni. Lorna alikuwa na nywele za mvi, lakini kwa Una alikuwa mtoto.

Lorna alimjibu yeye, akimpa Gavan mgongo. "Gari hili halina kitu ndani ya tairi cha kupima upepo, bibi. Mengine yanacho, hili halina. Hili linahesabu mizunguko ya magurudumu, linatumia vile vifaa vya breki. Tairi likipungua upepo linakuwa fupi kidogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi ya wenzake."

"Kama marehemu mume wangu," Una alisema. "Alikuwa mfupi. Tukienda kanisani mimi napiga hatua moja, yeye mbili."

"Ndivyo. Gari likiona gurudumu moja linakimbia kuliko mengine, linawasha taa."

"Na wote wakiwa wafupi?"

"Hapo ndipo linahitaji kufundishwa. Halijui upepo sahihi ni upi. Unajaza matairi vizuri, unabonyeza kile kitufe, linatembea kidogo na kushika, linasema huu ndio urefu wetu. Kuanzia hapo hulinganisha na hicho. Huyu analibonyeza mchangani. Amelifundisha kwamba kilema ndiyo afya. Akipanda lami akakimbia, matairi yanapikika, nalo limenyamaza kwa sababu limeambiwa hivi ndivyo tulivyo."

Una alikitoa kile kijiko mdomoni. "Tumekuja hivyo asubuhi?"

"Asubuhi mlikuja na yaliyojaa, wasichana wangu, msimsikilize," Gavan alisema. "Huyu anaogopa kivuli. Anashinda na matairi mpaka ameanza kuota nayo." Akampiga Lorna begani, kile kipigo cha mzaha cha mbele ya watu. "Bosi, rudi kwenye pancha zako. Sisi tunaondoka."

Akapanda, akawasha injini, akarudi kusimama mlangoni. Bibi wengine walikuwa wanarudi, vidole vinanata, wanapanda mmoja mmoja na kushukuru kwa heshima kila waliposhikwa mkono.

Lorna alikuwa na kifaa kidogo cha chuma mfukoni, cha kufungulia kile kisindano cha ndani ya valvu kinachozuia upepo usitoke. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akakifungua. Upepo ulitoka kwa kishindo, wa moto, wenye uvundo wa mpira na mwani, ukamrushia mchanga usoni. Akaenda kwenye la pili. Alipofika la nyuma Gavan alikuwa ameshashuka.

"Umeingiwa na wazimu?"

Kisindano cha tatu kilimwangukia kiganjani pamoja na mate ya kijani. Kumbe huyu naye alikuwa amepuliza ute ndani, ili azibe asichokitaka kukiona. Aliufuta kwenye suruali yake.

Basi liliinama upande wa mbele, likakaa juu ya rimu kama ng'ombe anayelala. Watu wa foleni walikuwa wamezima injini zao ili wasikie vizuri.

"Umeniaibisha," Gavan alisema kwa sauti ya chini. Uso wake wa vicheko ulikuwa umemwacha kabisa. "Mbele ya wateja wangu. Nakula nawe, nalala nawe, unanifanyia hivi."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimekuaibisha."

Una alikuwa ameshateremka peke yake, bila kushikwa mkono. "Wanawake," aliwaambia wenzake waliokuwa ndani, "shukeni. Huyu kijana atajaza upepo. Mimi nimezika mume mmoja, sitazikwa na dereva." Walishuka wakinung'unika juu ya chakula cha jioni, wakakaa kwenye ukuta mfupi kwa safu.

Walipewa nafasi ya mbele kwenye foleni, kwa sababu kila mtu alitaka kuona. Lorna alirudisha visindano, Gavan akauvuta mpira wa upepo mpaka kwenye basi, naye Lorna akasimama na kipimo mpaka mshale ulipofika panapostahili, gurudumu baada ya gurudumu. Alipitisha viganja kwenye mbavu za matairi kwa nje. Hayakuwa na uvimbe. Lakini hata lile la asubuhi lililojisaga halikuwa na uvimbe.

"Ningependa niyabandue yote, nione ndani," alisema.

"Mpaka usiku wa manane?" Gavan aliuliza. Bibi mmoja alisema dawa zake za moyo ziko hotelini, na mwingine miguu ilikuwa imemvimba. Lorna aliwatazama, akaona wamechoka kweli, na akakubali, jambo ambalo lilimchukiza hata alipokuwa analitamka. "Basi bonyeza kitufe sasa," alisema. "Sasa hivi, nikiona."

Gavan alibonyeza. Alilazimika kukibandua kidogo kwa ukucha, kwa sababu ya sosi.

"Sasa limefundishwa vizuri. Nenda polepole. Taa ikiwaka, usibonyeze. Simama."

"Ndiyo, mwalimu," alisema, na watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka, maana hata wakati huo sauti yake ilikuwa inapendeza.

Jua lilikuwa linateremka Lorna alipopigiwa simu. Sauti haikuwa ya Gavan. Una alikuwa ameazima simu ya mwenzake, na namba ya karakana alikuwa ameisoma kwenye kibandiko cha kipimo cha upepo ambacho alikuwa amekitia kwenye mkoba wake bila kuomba.

"Taa imewaka, mwanangu. Ile yenye alama kama kiatu cha farasi."

"Amesimama?"

"Alitaka kuinama kwenye kitufe. Nilimpiga mkono kwa kijiko."

Lorna alitupa jeki na tairi nyuma ya gari lake la mizigo, akaondoka. Alilikuta basi kwenye nyasi, kando ya barabara, malori yakipita na kulitikisa. Bibi walikuwa wamejitenga mbali na lami, wamekaa juu ya taulo zao za ufukoni chini ya mikaratusi, kofia zao zinaonekana kutoka mbali. Gavan alikuwa amesimama katikati yao akieleza kitu kwa mikono.

Lilikuwa tairi la nyuma la kushoto. Lilikuwa limepungua upepo, halijapasuka, limekaa limenywea tu. Lorna alilivua. Pale pale kando ya barabara alilikanyaga ubavu ukabanduka upande mmoja, na ule unga mweusi ukamwagikia nyasi, na ile harufu ikatoka. Pembeni nyuzi zilikuwa zimekatika urefu wa kiganja. Kwa mwendo mkali lingeraruka lote, na basi lingekwenda upande ambao malori yanatoka.

Bibi wawili walisogea kutazama, wakaziba pua.

"Nililisikia mapema," Gavan alikuwa anawaambia wengine. "Dereva mzoefu hulisikia kwenye usukani. Ndiyo maana nikasimama." Kisha akamgeukia Lorna, akalisukuma tairi lile kwa ncha ya kiatu. "Unaona? Baya tangu kiwandani. Nilikwambia."

Lorna alimtazama. Alitafuta katika uso ule aibu kidogo, hata hofu, kitu ambacho mtu angeweza kukishika na kuanza nacho. Kulikuwa na chembe ya pai kwenye kona ya mdomo, na tabasamu lilikuwa linarudi mahali pake. Alikuwa anaamini. Hilo ndilo lililomchefua kuliko unga, kuliko ute, kwamba hakuwa anadanganya hata kidogo.

Alifunga tairi jipya, akakaza nati, akashusha jeki. Akapima magurudumu yote tena. Kisha akanyoosha mkono.

"Funguo."

"Za nini?"

"Nawapeleka mimi. Wewe rudi na gari langu. Toa vitu vyako nyumbani kabla sijarudi."

"Lorna, kwa ajili ya pancha?"

Una alikuwa ameshapanda na kukaa kiti chake cha mbele, mkoba magotini. Wengine walimfuata, wakimpita Gavan bila kumpa mkono. Alibaki akitazama kofia zile nyeupe zikijipanga dirishani, akasubiri kama kuna hata mmoja atakayecheka. Hatimaye akatoa funguo.

Lorna alipanda. Kiti kilikuwa bado kimebonyea umbo la Gavan.

"Bibi," alimwambia Una, "niazime taulo lako."

Una alimpa. Lorna akalitandika juu ya kiti, akalivuta kona zote mpaka likafunika vizuri, ndipo akaketi.